Mwasumini Hautaki Huruma

(Mazungumzo kwa kikundi cha wapenda maua wa mtaani kwetu, Kisasa, Dodoma. Msemaji ameyaandika upya kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazee wetu, akina mama na akina baba, na nyinyi watoto mliokaa kwenye mkeka pale mbele mkisubiri soda: Mbukwenyi! (Mbukwa!) Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Itifaki imezingatiwa. Naomba niongee nikiwa nimekaa, maana magoti yangu hayazingatii itifaki ya mtu.

Katibu aliponipigia simu alisema niongee dakika ishirini juu ya maua ya ndani yote. Nilimkatalia. Nikiyasema yote mtatoka hapa na majina tu, na kesho yake mtarudi kuyamwagia maji kama mlivyozoea. Nitasema juu ya mmea mmoja, mwasumini. Wengine mnaita yasmini, na hamjakosea. Jina ni lile lile, la Kiajemi, lilipita kwa Waarabu kabla halijatufikia sisi. Nauzungumzia ule wenye ua jeupe dogo, unaotambaa ukipata pa kushika, ambao asili yake ni upande wa Bara Hindi. Wafilipino wameufanya ua la taifa lao tangu 1934, na Wachina wanaweka maua yake kwenye majani ya chai ili chai inukie. Sisi wa pwani tunauweka kichwani.

Mimi ni mtoto wa Pangani. Kwetu mwasumini hautunzwi. Unapandwa nyuma ya jiko, unamwagiwa maji yaliyooshea mchele, kazi imekwisha. Alasiri watoto wa kike tulikuwa tunatumwa kuchuma matumba kabla hayajafunguka, kwa sababu asumini ni ua la usiku. Jua likizama linafunguka, harufu inajaa uani kote, na kukicha mengine yameshalala chini. Mama aliyatunga kwa uzi na sindano. Mengine yalikwenda kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipambia, pamoja na mrehani na waridi, na vilua vikipatikana. Mengine alitawanya kitandani. Ungemwambia bibi yangu kwamba iko siku mjukuu wake atauweka mwasumini sebuleni, kwenye chungu, halafu asimame mbele ya watu kueleza namna ya kuutunza, angeuliza ni nani aliyeniroga.

Mwaka 2017 mume wangu alihamia huku pamoja na wizara yake, nami nikaomba uhamisho wa shule. Nilitoka Pangani na vijiti vitatu, nimevifunga kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko, nikavipakata ndani ya basi siku nzima kama mtoto mchanga. Siku hizi mnaleta miche kwa treni ya SGR kutoka Dar, inafika haijajua hata kama imesafiri.

Kijiti kimoja kilikufa. Cha pili kilishika nikakipanda nje. Upepo wa Agosti ulianza, mbuzi wa jirani wakamalizia. (Jirani yupo hapa, tumeshasameheana.) Cha tatu nikasema hiki hakitoki ndani. Nikakiweka sebuleni juu ya stuli, kando ya televisheni, chini ya picha yetu ya harusi. Nikakitunza kama mgeni aliyetoka nyumbani. Maji kila asubuhi. Jioni nakipulizia. Majani nayapangusa kwa kitambaa. Miaka miwili, ndugu zangu, sikuona ua hata moja. Mmea ulirefuka ukawa kama kamba, unanyoosha shingo kuelekea dirishani, majani yako mbali mbali, halafu yakaanza kugeuka manjano na kudondoka.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Mpunguzi aliyekuwa akituletea zabibu nyumbani. Siku moja akaingia kupokea hela yake, akautazama ule mmea kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Akasema, "Mama Mwalimu, mti huu unauonea huruma. Mimi mzabibu wangu nikiuonea huruma, msimu ukifika nitavuna nini? Majani? Nipike mlenda?" Kisha akaniuliza maswali matatu. Unaona jua saa ngapi kwa siku? Unakunywa maji gani? Mara ya mwisho umekatwa lini?

Sikuwa na jibu la swali hata moja, na mimi ndiye mwalimu.

Basi leo nayajibu, nikianza na jua, maana hapo ndipo tunapodanganyika wengi. Jicho la mtu linadanganya. Ukiingia sebuleni mchana unaona kila kitu, unasoma gazeti bila kuwasha taa, basi unadhani mmea nao umeridhika. Mmea hausomi gazeti. Unapika chakula chake mwenyewe, na moto wake ni mwanga; ukiuweka hatua tatu kutoka dirishani umeuwekea chungu kwenye jiko lenye kaa moja. Hautakufa leo. Utaishi kwa kukopa kwenye akiba yake, na mwenye kuishi kwa mkopo hafanyi sherehe. Maua ni sherehe.

Kipimo changu ni cha bure. Saa nne asubuhi weka mkono wako mahali mmea ulipo, juu kidogo ya karatasi nyeupe. Ukiona kivuli chenye ncha, vidole vinahesabika, hapo kuna mwanga. Ukiona ukungu tu, au huoni kitu, hapo weka picha ya harusi. Mwasumini unataka jua lenyewe, la kuugusa majani, saa nne kwa siku kwa uchache. Zikifika sita ni bora zaidi.

Hapa nina ugomvi na intaneti. Binti yangu alinisomea maelekezo kwenye simu: weka mmea wako kwenye dirisha linalotazama kusini. Nikahamisha stuli kwenda dirisha la kusini. Ilikuwa mwezi wa sita. Hata mwale mmoja haukuingia! Maelekezo yale yaliandikwa na watu wa kaskazini ya dunia, Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana linakaa kusini mwaka mzima. Sisi Dodoma tuko nyuzi sita na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la mchana linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kwenye wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba liko upande wa kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Machi linahamia kusini. Kwa hiyo mwezi wa sita dirisha la kusini ni pango, na mwezi wa kumi na mbili dirisha la kaskazini ndilo pango. Na hata likiwa upande wako, jua letu la mchana liko juu sana, linapiga paa na upenu, ndani linaingia kidogo tu.

Dirisha la kuaminika kwetu ni la mashariki. Jua la asubuhi linaingia chini chini, ubavuni, kila siku ya mwaka, na halijawa kali. La magharibi pia linafaa, ila kioo cha alasiri mwezi wa kumi kinaweza kuchoma majani yaliyokigusa. Nikiongeza jambo moja, nyumba zetu mpya hizi zina vioo vya tinti, ndani yake wavu wa mbu, ndani yake pazia jepesi, ndani yake pazia zito. Ukishapita forodha zote hizo, jua linafika sebuleni limefilisika. Kama nyumba yako ni hivyo, usigombane nayo. Mmea uishi kibarazani, na jioni matumba yakitaka kufunguka uuingize ndani unukie. Mimi ndivyo nifanyavyo wageni wakija. Ila ukiutoa nje mmea uliozoea ndani, utoe kidogo kidogo, wiki moja au zaidi, kwanza kivulini, halafu jua la asubuhi tu. Majani yaliyolelewa gizani yanaungua kama mtoto wa bweni siku ya kwanza ya likizo shambani.

Sasa swali la tatu la mzee, la kukatwa. La maji nitalirudia.

Mnajua wote kwamba Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Mzabibu haukuamua hivyo. Mkulima anaupogoa mara mbili. Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu: majani yanaanguka, unalala, joto likirudi unaamka na machipukizi mapya, na vishada vinatokea kwenye machipukizi hayo. Hapa hatuna baridi ya namna hiyo. Mzee wa Mpunguzi aliniambia, "Hapa baridi ni mimi." Mkasi wake ndio unaouambia mzabibu kwamba msimu umekwisha, anza mwingine.

Mwasumini nao ua lake linatoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Shina la zamani, refu, ulilolipenda na kulizungusha kwenye fremu ya picha, halitakupa kitu mpaka litoe tawi, na tawi halitoki kwa ukarimu kama ncha ya mbele haijakatwa. Ncha ndiyo inayowanyamazisha wenzake wote walio nyuma yake. Ikiondoka, mafundo mawili au matatu ya chini yanaamka kwa pamoja. Pale ulipokuwa na ncha moja sasa unazo tatu, na kila moja inaweza kubeba kishada.

Siku ile mzee alitoa mkasi wake mfukoni. Sikuwa nimemruhusu. Alikata kila kamba ikabaki na mafundo matatu manne kutoka shinani, akaondoa vijiti vikavu, akaacha kitu kama ufagio uliochakaa. Nililia kidogo, jikoni. Akautoa nje kwenye kibaraza cha mashariki, akaniambia usimwagie mpaka nikwambie. Wiki ya tatu yakaonekana macho mekundu mekundu kwenye mafundo, kisha majani. Kabla miezi miwili haijaisha nikapata matumba kumi na moja. Niliyahesabu kila siku, kama mtu aliyekopesha.

Mimi napogoa mara moja kubwa, mwishoni mwa Agosti, baridi ya Juni na Julai ikishavunjika na joto la Septemba na Oktoba likiwa njiani. Natoa kama theluthi mbili ya urefu kwa mmea uliorefuka ovyo. Wenye umbo zuri natoa theluthi moja. Halafu kila kundi la maua likimaliza napunguza ncha tu, inchi mbili tatu. Kata juu ya fundo, karibu nalo, kwa mkasi mkali uliofutwa kwa spiriti. Mkasi wa jikoni uliokata samaki uache jikoni. Na usipogoe Mei. Chipukizi laini litakalotoka litakutana na usiku wa Juni wa nyuzi kumi na tatu, kumi na nne, nalo litadumaa hapo hapo.

Mkitaka ushahidi kwamba mateso kidogo yanaleta maua, hamna haja ya kwenda Mpunguzi. Tazameni bogenvilia za mjini. Hakuna anayezimwagilia, udongo umepasuka, vumbi hadi kileleni, nazo ndio kwanza zimewaka zambarau na nyekundu. Mvua zikija zinageuka majani. (Kwa faida ya watoto: rangi ile ya bogenvilia si ua. Ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati. Kachungulieni mkitoka.) Mwasumini hauvumilii ukame kama bogenvilia, lakini ni wa kabila hilo hilo la wasiotaka kubembelezwa.

Nikifika kwenye maji, nianze na kosa langu, la kila asubuhi kikombe. Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa inakosa pa kukaa, mizizi inaoza, na mmea wenye mizizi iliyooza unanyauka kama mwenye kiu. Basi sisi tunauona umenyauka, tunauongeza maji. Wangapi humu mmemzika mmea namna hiyo? Naona mikono, na wengine mnaona haya.

Ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kikitoka kikavu, mwagia mpaka maji yatoke chini. Kikitoka na udongo unaonata, ondoka. Sina ratiba ya siku ya kuwapa. Mwezi wa kumi, upepo unavuma, chungu cha udongo kinaweza kutaka maji kila baada ya siku mbili. Julai chungu kile kile kinakaa wiki. Maji yaliyotuama kwenye kisahani yamwagwe. Na zile ndoo za rangi zenye kupendeza mnazozifanya vyungu, zitoboeni matundu chini. Matano, si moja.

Yako pia maji yenyewe. Nyinyi mliozaliwa hapa mmezoea, lakini sisi tulipofika tulishangaa kuona birika linavyopata gamba jeupe. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, Makutupora na visima vingine, na yana chumvichumvi na chokaa. Gamba lile la birika ndilo linalojikusanya kwenye udongo wa chungu chako kila unapomwagia. Mtaliona juu ya udongo na kwenye ubavu wa chungu, kama unga. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Maji yanapungua, chumvi inabaki. Chujio la mezani pia haliigusi.

Mwasumini unapenda udongo wenye uchachu kidogo. Chokaa ikizidi, mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Ndipo unapoona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa imebaki ya kijani, kama ramani ya barabara. Wengi wakiona hivyo wanaongeza majivu, kwa sababu bibi alisema majivu ni mbolea. Bibi hakukosea, alikuwa na udongo wa kwao. Majivu yanaongeza yale yale yaliyokwisha kuzidi hapa. Acheni majivu kwa mboga.

Dawa ni mvua. Mvua zetu zinaanza Desemba na kuishia karibu Aprili, na mwaka mzima hazifikii hata nusu ya zile za Pangani, kwa hiyo kila tone lina thamani. Iache mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, halafu kinga. Mimi nina pipa moja la lita mia mbili lenye mfuniko, la maua tu, na mume wangu anajua adhabu ya kulioshea gari. Wakati wa masika natoa vyungu vyote nje vipigwe mvua hadi maji yapite chini kwa wingi, chumvi ya mwaka mzima iondoke. Asiye na pipa aoshe udongo kwa maji ya bomba mengi kwa mpigo mmoja, yapite yote, kila baada ya miezi miwili. Hiyo ni bora kuliko vikombe vidogo vidogo vinavyoacha chumvi bila kuiondoa. Na kila mwaka wa pili badilisha udongo: sehemu moja udongo mwekundu, moja mchanga wa mtoni uliooshwa, moja samadi ya mbuzi iliyooza ikawa nyeusi na haina harufu. Chungu kipya kisizidi cha zamani kwa zaidi ya vidole viwili upana. Ukiupa sufuria la pilau la harusi, utatumia mwaka mzima kujaza mizizi na hutaona ua.

Mbolea nitaipita haraka. Urea inaleta majani. Mkiona jirani yenu ana mwasumini wa kijani kibichi, mnene, bila ua, muulizeni kuhusu urea. Samadi inatosha, au NPK kidogo wakati wa joto. Kuanzia Juni hadi kabla ya kupogoa, hakuna kitu.

Kuhusu kupulizia majani. Unyevu wa chupa ile unakaa dakika chache, Dodoma unapaa kabla hujarudisha chupa mezani, na maji yetu yanaacha madoa meupe. Lakini hewa kavu na vumbi vinaalika utitiri. Mdudu huyu humwoni. Utaona majani yamepauka kama yamechomwa kwa sindano, na chini yake nyuzi nyembamba kuliko za buibui. Kila Jumamosi naupeleka mmea bafuni, nauweka chini ya bomba la mvua, nausugua chini ya majani kwa mkono. Kumbukeni, chini ya majani. Juu tunapangusa kwa ajili ya wageni. Ukikuta vidung'ata, vile vyeupe kama pamba vinavyojificha pajani mwa jani, vitoe kwa mswaki wa zamani uliochovywa maji ya sabuni, rudia baada ya wiki, rudia tena. Feni isiulenge mmea. AC vile vile.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi, naomba nilisome: "Mwalimu, ni kweli asumini inaita nyoka na majini?" Nyoka anafuata panya na mijusi, na anapenda kichaka kilichosongamana. Nyuma ya jiko la bibi yangu walikuwepo, kwa sababu panya walikuwepo. Sebuleni, chungu kimoja kilichopogolewa, nyoka atafuata nini? Habari ya majini mwulizeni sheikh, yupo mstari wa pili na naona anacheka. Wengine mnaogopa kwamba mmea chumbani usiku unakula hewa yenu. Unavuta kidogo sana, kidogo kuliko huyo anayelala pembeni yako, na huyo hujawahi kumtoa nje. Ila harufu ni kali, kuna watu inawaumiza kichwa. Hao walale nayo mlango wa pili.

Mama pale nyuma anauliza habari za ua la nta, hoya. Umeuliza vizuri kwa sababu kila nilichosema juu ya mkasi, kwa hoya kigeuze. Hoya ina majani manene yanayotunza maji, inastahimili ukavu wetu kuliko mwasumini, na mwanga mkali usio jua kali unaitosha. Lakini maua yake yanatoka kwenye kikonyo kile kile mwaka hadi mwaka. Maua yakianguka kinabaki kijiti kifupi kama kimekufa. Ukikikata kwa usafi, umekata maua ya mwakani. Kamba ndefu isiyo na majani nayo iacheni, inatafuta pa kushika. Chungu kiwe kidogo, na matumba yakitokea usiizungushe wala kuihamisha, itayaangusha. Nilimwonyesha mzee wa Mpunguzi hoya ya dada yangu, akashika mkasi, nikamshika mkono. Ndiyo siku pekee niliyomfundisha kitu. Na alamanda, lile ua la manjano la kutambaa, utomvu wake unawasha na si wa kuliwa; mwenye mtoto anayetambaa aliweke nje.

Nimalizie kwa kazi. Pale mlangoni kuna ndoo yenye vipandikizi ishirini na vinne, nimekata leo alfajiri kwenye matawi yasiyo machanga wala magumu, kila kimoja urefu wa kiganja. Mtu mmoja kimoja. Ukifika nyumbani leo hii, si kesho, toa majani ya chini, acha mawili juu, na hayo mawili yakate nusu. Choma kwenye mchanga safi wenye unyevu, mafundo mawili yazame. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, ifunike juu kama nyumba, kizibo kiwe wazi mchana. Weka kivulini penye mwanga, uchochoro wa mashariki, si juani. Wiki ya nne hadi ya sita vuta kidogo kwa vidole viwili; kikikataa kutoka, kimeshika. Usikivute kila siku kujua hali yake.

Vilivyofungwa uzi mwekundu ni vya mama yule wa kwanza, aliyepakatwa kwenye basi. Vya uzi mweupe ni vya asumini ya maua mengi yaliyobanana, nilipewa na rafiki wa Tanga. Huo unanukia zaidi ila ni mvivu, mwanzo wake unakawia. Mnaoanza chukueni uzi mwekundu. Na watoto wapewe soda zao, wamesubiri vya kutosha.